Eti nimtumie ufunguo wa siri kwa barua pepe!

Wakuu, naandika nikiwa bado nimefura, kwa hiyo mtanivumilia nikirudia jambo moja. Nyote mnamfahamu yule mheshimiwa anayesimamia ile seva ya kupokelea mafaili, na sina haja ya kumtaja, maana kila aliyewahi kupakia kitu huko ameshaonja ujuzi wake. Nilimwandikia kwa adabu zote kwamba seva inanijibu 400, yaani ombi lina kasoro, na kudai sikuleta cheti, kile kitambulisho changu cha kidijitali, ilhali cheti kimo kwenye kivinjari, muda wake haujaisha na saa ya kompyuta yangu iko sahihi. Akanijibu kwa mstari mmoja: "Nitumie ufunguo wako wa siri pamoja na nywila yake, nikuangalizie." Kwa barua pepe!

Nilipoomba cheti, nilitengeneza jozi ya funguo, wa siri na wa umma, humu humu kwenye mashine yangu na kupeleka ombi la kusainiwa tu, kwa sababu seva huhakiki saini yangu kwa ufunguo wa umma uliomo ndani ya cheti, wala haihitaji kuuona ule wa siri hata siku moja. Sasa mtu anayelipwa kwa ajili ya usalama anautaka, tena na nywila yake katika ujumbe uleule, hata aibu ya kuvitenganisha hakuiona. Nashangaa hakuomba na alama za vidole vya bibi yangu.

Nilipomwuliza kama ameangalia orodha ya mamlaka za vyeti, yaani wanaotoa na kusaini vyeti, ambazo seva yake inaziamini, kwa kuwa kivinjari hakitoi cheti ambacho mtoaji wake hayumo katika orodha hiyo, alisema seva haina tatizo na wenzangu wote wanapakia bila kelele. Kisha akarudia: nitumie ufunguo. Amerudia, wakuu! Mara ya kwanza ningesema ni usingizi.

Mzee wa Logi: Shukuru wewe umeombwa kwa barua pepe. Mimi aliniambia niubandike kwenye kundi la gumzo ili na wenzake wausome.

Kichwa Maji: Mleta mada, hasira zote hizo na bado hujasema kama ulikifunga kivinjari. Ukibonyeza "ghairi" mara moja kinapokuuliza cheti, kinaweza kuendelea kukaa kimya hadi ukifunge na kukifungua upya. Fanya hivyo kwanza, ndipo urudi kulia.

Mleta mada: Nimekifunga, nimeizima na mashine yenyewe, kisha nikajaribu kwa curl, programu ya kuwasiliana na seva kwa amri bila kivinjari, nikitaja faili la cheti na la ufunguo. Safari hii cheti kilifika, seva ikasema imeshindwa kukithibitisha. Sasa ufunguo wangu ataufanyia nini? Ataulaza chini ya mto?

Kichwa Maji: Pengine kimesainiwa na mamlaka ya kati, iliyo chini ya ile kuu, nawe hukuambatanisha cheti chake. Lakini endelea kutukana, tunaburudika.

Mpakiaji Sugu: Nyinyi mnalilia vyeti, wakati mimi changu kilipita bila neno, nikapakia faili la megabaiti 40, nikarudishiwa 413, yaani faili ni kubwa mno. Kumbe hakuna aliyegusa kikomo cha nginx, programu inayoendesha hiyo seva, ambacho usipokibadilisha ni megabaiti 1. Seva ya kupokelea mafaili isiyopokea mafaili!

Mzee wa Logi: Afadhali wewe umepewa namba. Faili langu la p12, lile linalobeba cheti na ufunguo wake pamoja, lilifungashwa kwa programu ya zamani, nami nikahamia OpenSSL 3, programu ya vyeti na usimbaji, toleo lililotoka 2021. Likagoma kufunguka, nikaamini nimesahau nywila, nikajaribu hadi majina ya paka niliowafuga utotoni. Kosa lilikuwa usimbaji wa RC2 wa biti 40, ambao toleo hilo halikubali bila kuongezewa chaguo la -legacy.

Mpakiaji Sugu: Paka umewaleta wewe. Tulikuwa kwenye 413.

Mgeni Njoo: Samahani Mzee wa Logi, hilo chaguo linaandikwa wapi? Langu nalo limegoma tangu asubuhi na mafaili yanasubiriwa.

Mzee wa Logi: Popote baada ya neno pkcs12 katika amri ya OpenSSL. Toa vilivyomo kwa chaguo hilo, kisha uvifungashe upya bila hilo chaguo, nayo OpenSSL itatumia usimbaji wa AES wa biti 256 yenyewe. Lile la zamani usilifute kabla hujahakikisha kwamba jipya linafunguka.

Mgeni Njoo: Nilishalifuta.