Naomba ushauri: urembo wa kromu kwenye modeli ya Volkswagen Beetle

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mgonjwa wa magari ya kizamani, na kwa kuwa la kweli silimudu, najiundia ya plastiki.

Sasa hivi mezani kuna Beetle ya skeli 1/24. Gari la mita 4 na ushee linabaki na sentimita 17 hivi, na hapo ndipo kasheshe inapoanza: ule utepe wa kromu unaozunguka kioo cha mbele unakuwa mwembamba kama uzi.

Bodi haina shida. Praima, kijani mpauko, msasa wa maji namba 2000, imetulia.

Nikibandika foili ya kromu inang'aa kweli, ila kwenye kona za mviringo inajikunja, na wembe ukiteleza kidogo tu rangi inachanika. Kalamu ya kromu ni rahisi, lakini vanishi ikipita juu, mng'ao unakufa na kubaki kijivu.

Je, nipige vanishi kwanza, kromu iwe ya mwisho? Na nyie wa foili, kona mnazipitaje bila kuunga vipande?

(Wa kuniambia ninunue iliyokwisha kuundwa, pita kushoto.)