Familia za Coca-Cola Marekani: kwa nini kila mji ulikuwa na mwenye soda wake?

Jembe la Jumla

Wakuu, naomba kueleweshwa. Coca-Cola ni ya Atlanta, lakini kila mji Marekani ulikuwa na familia yake inayojaza chupa na kusambaza, baba anamrithisha mwana. Kufikia 1909 viwanda vilikaribia 400. Kwa nini kampuni haikujaza yenyewe? Na ilikuwaje familia nyingi zikaja kuuza biashara zao?

Kizibo

Chanzo ni mkataba wa Julai 1899. Mawakili wawili wa Chattanooga, Benjamin Thomas na Joseph Whitehead, walimfuata Asa Candler, mwenye Coca-Cola wakati huo, naye akawapa haki ya kujaza chupa karibu nchi nzima kwa dola 1. Fedha ya Candler ilitoka kwenye shira iliyouzwa kwa maduka ya dawa, ambako ilichanganywa na maji ya gesi mbele ya mteja. Chupa aliziona usumbufu, na zilikuwa usumbufu kweli. Chupa ya Hutchinson ilizibwa kwa mpira ulioshikwa na waya ndani ya shingo. Mpira ukikaa muda unachakaa na kuharibu harufu ya soda, na wakati wa kuosha brashi haipiti vizuri. Kizibo cha bati cha William Painter, cha 1892, kiliondoa tabu hiyo, ila kilidai mashine na chupa mpya.

Wale wawili hawakuwa na mtaji wa kujenga viwanda nchi nzima. Whitehead akamwingiza John Lupton, nchi ikagawanywa kati yao na Thomas, kisha kila upande ukagawa haki mji kwa mji. Aliyepewa haki ya mji alinunua mashine, chupa na farasi kwa fedha yake. Thomas, Whitehead na Lupton walibaki katikati ya kampuni na wajazaji wa miji, wakila faida ya shira tu.

Mzani

Kizibo kaeleza vizuri upande wa mkataba. Mimi naona ukubwa wa eneo uliamuliwa na uzito wa mzigo.

Chukua chupa ya aunsi 6.5 (kama mililita 190) iliyokuja kuwa ya kawaida. Ndani kuna aunsi 1 ya shira, iliyobaki ni maji ya gesi. Galoni moja ya shira, yaani lita 3.8, inatoa chupa 128: kreti 5 za chupa 24, na chupa 8 juu. Kwa hiyo shira inasafiri mbali kwa gharama ndogo. Ikishajazwa, hesabu inageuka. Kreti hiyo ina soda isiyofika lita 5. Uzito mwingine wote ni glasi na mbao, na lazima ubebwe tena ukirudi na chupa tupu. Kwa gari la farasi, eneo lilikuwa safari ya siku moja kwenda na kurudi. Mipaka mingi ya mwanzo ilitokana na hapo.

Chupa tupu ndiyo mtaji wenyewe. Isiporudi, faida ya kreti inakwenda kununua glasi, ndiyo maana wateja walitozwa rehani. Ikirudi, inalowekwa kwenye maji ya moto yenye magadi makali, inasuguliwa, inasuuzwa, inakaguliwa kwenye mwanga. Chupa yenye ufa usioonekana hupasuka inapojazwa gesi.

Jembe la Jumla

Asanteni sana. Je, haki hiyo ilirithika kisheria, au kampuni ingeweza kuichukua?

Kizibo

Ilirithika. Mkataba haukuwa na ukomo, na bei ya shira ilikuwa imefungwa humo. Sukari ilipopanda baada ya Vita vya Kwanza, kampuni ilitaka kujitoa. Kesi ikafunguliwa 1920, na mapatano ya 1921 yakaacha haki iwe ya kudumu, bei ya shira ikafuata bei ya sukari. Familia ikawa na mali ya kurithisha, yenye mpaka ambao mjazaji mwingine wa Coca-Cola haruhusiwi kuuvuka. Mipaka hiyo iliposhambuliwa na serikali miaka ya 1970, sheria ya Bunge ya 1980 iliilinda.

Mzani

Sheria iliwalinda, lakini kopo na chupa za kutupa ziliwaondolea sababu ya kuwa karibu. Chupa isiporudi, kiwanda kinaweza kukaa mbali na kulisha miji mingi. Mtambo wa makopo ni ghali kiasi kwamba mji mmoja haumalizi uwezo wake. Wengine waliungana kwenye kiwanda cha ushirika, kama kile cha Bishopville, South Carolina, wao wakabaki na maghala na malori. Ongeza warithi: hisa za babu mmoja zikiwa mikononi mwa wajukuu wengi, wanaotaka fedha taslimu huwazidi wanaotaka kununua malori. Hata ukoo wa Lupton uliuza kampuni yake, JTL, mwaka 1986 kwa dola bilioni 1.4, ikaingia kwenye Coca-Cola Enterprises, kampuni kubwa ya kujaza chupa.

Waliobaki ni walionunua majirani mapema. Ukoo wa Harrison ulianzia Greensboro, North Carolina, mwaka 1902, na leo ndio wenye sauti kwenye Coca-Cola Consolidated, kampuni ya kujaza chupa ya Charlotte. Kampuni nyingine ya kujaza chupa, United ya Birmingham, Alabama, nayo ni ya 1902. Kampuni ya Atlanta ilipogawa upya maeneo, kazi iliyokamilika 2017, hizo mbili zilikuwa miongoni mwa waliopokea.