Mtoto wa miaka mitatu ameacha kuongea, naombeni ushauri

BabaJunior_Mbagala: Wakuu, habari za jioni. Nina kijana wangu wa miaka mitatu na miezi minne. Alikuwa anaongea vizuri, anaimba, anagombana na wenzake uani. Sasa ni mwezi wa pili haongei. Amerudi kukojoa kitandani, chakula anachezea, nywele anazing'oa. Mama yake humlaza saa mbili, lakini saa nane za usiku namkuta sakafuni, mlangoni. Zahanati wamepima malaria, mkojo na choo, hakuna kitu. Nyumbani hakuna kilichobadilika. Kuna dawa?

Mpangani: Huyo kachezewa. Wa kaka yangu alikuwa hivyohivyo, akasomewa siku saba. Hakuongea mpaka alipoanza shule, lakini leo humnyamazishi.

Mzee_wa_Tandika: Mnyang'anyeni simu. Mjukuu wangu anajua Kikorea cha katuni, "shikamoo" hajui.

MamaPacha: Wazazi wa siku hizi mnakimbizana na hela, watoto wanalelewa na televisheni. Sisi ulikuwa ukilia, nyumba tatu zinakuja kuuliza una nini.

NesiWaZamu: Pole sana baba. Mtoto aliyepoteza maneno aliyokuwa nayo apelekwe kwa daktari wa watoto, asisubiriwe, na masikio yapimwe. Ila swali: pale mlangoni anamsubiri nani?

BabaJunior_Mbagala: Sista, mimi nimeuliza dawa. Mambo ya mlango ni joto tu la Dar.

NesiWaZamu: Nani ameondoka kwenye hiyo nyumba?

BabaJunior_Mbagala: Haya. Mama yake yuko Muscat, kazi za ndani, mkataba wa miaka miwili. Aliondoka usiku mtoto amelala, tulikubaliana asimuage ili asilie. Asubuhi nikamwambia mama kaenda sokoni. Simu za video nimezisimamisha, maana akimwona siku nzima inaharibika. Msituhukumu, nyumba yetu bado iko kwenye msingi na kiwanja tunadaiwa. Jumamosi nampeleka Singida kwa bibi yake, tiketi nimeshakata. Akifika miaka minne nitamtafutia bweni. Mtoto mdogo husahau haraka.

NesiWaZamu: Hasahau, baba. Wa umri huo akiachwa hulia kwanza, akichoka hunyamaza, watu wakasema ametulia. Hajatulia, amekata tamaa. Hana neno la huzuni, kwa hiyo mwili ndio unaosema: mkojo, usingizi, nywele. Ukimpeleka Singida sasa atakupoteza na wewe. Bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne serikali ilishazuia tangu 2023.

Mwambie ukweli kwa maneno machache, uleule kila siku: mama yuko mbali, anafanya kazi, anakupenda, atarudi. Rudisha simu, saa ileile, hata dakika tano. Akilia mpakate, usikate simu. Kuoga, kula na kulala viwe kwa saa zilezile, na mtu yuleyule. Omba rufaa, Muhimbili wana idara ya afya ya akili. Ukikwama piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure. Maafisa ustawi wa jamii wa halmashauri nao ni kazi yao.

Na niseme linaloniuma. Kliniki tunapima uzito, tunachoma chanjo, tunajaza kadi, basi. Mtoto analalaje, anamlilia nani, hatuulizi. Programu ya taifa ya malezi ya awali, PJT-MMMAM, ilizinduliwa 2021, inamhusu mtoto tangu mimba mpaka miaka minane. Lakini mimi niko na foleni inayofika getini, nitauliza saa ngapi?

Kijiwe_Buguruni: Hii ni chai, stori ya kutunga. Bandiko la kwanza: "mama yake humlaza saa mbili". Sasa mama yuko Muscat. Anamlaza kwa rimoti? Na ID ni ya wiki hii.

MamaPacha: Heee! Na mimi nilishaanza kulia.

Aliyerudi_Salalah: Mimi nimekaa Oman miaka mitatu. Wangu nilimwacha ana miaka miwili. Siku nimerudi akanipa mkono, "shikamoo shangazi". Ana miaka kumi sasa, na akiumia hukimbilia kwa dada yangu. Muite chai, mimi nimeinywa.

NesiWaZamu: Hata kama ni chai, kuna anayesoma hapa na mtoto wa hivyo amelala chumba cha pili.

BabaJunior_Mbagala: Si chai. Niliona aibu. Hata kazini nasema mke wangu yupo. Kuna kingine sikuandika. Pale mlangoni hulala amekumbatia kikapu cha mama yake. Na neno moja bado analo: "sokoni". Jirani akipita na mfuko analisema, anamfuata mpaka barabarani.

Kijiwe_Buguruni: Nisamehe, kaka. Tiketi vipi?

BabaJunior_Mbagala: Tumempigia mama yake sasa hivi. Nilimpakata, nikamwambia mama hayuko sokoni, baba alidanganya, yuko mbali kikazi. Mama yake alilia kuliko yeye. Simu ilipokatika akashuka, akachukua kikapu, akakirudisha jikoni kwenye msumari wake. Halafu akaja kukaa na mimi. Hajasema kitu. Tiketi bado iko mfukoni.