Wazazi wa Sungura: tuwaite kikaoni, tuwaite uwanjani au tuanzie WhatsApp?

Mlezi_Kisauni

Assalamu alaikum, na habari za jioni kwa nyote.

Tunaanzisha kundi la Sungura katika shule moja ya msingi huku Kisauni, Mombasa. Kwa asiyewajua, Sungura ndio skauti wadogo wa Kenya, watoto wa miaka 6 hadi 10 hivi, kabla hawajapanda kuwa Chipukizi. Walezi tuko wanne, wanawake wawili na wanaume wawili. Mwalimu mkuu ametupa uwanja na darasa moja kila Jumamosi asubuhi.

Watoto tunao. Tulipita madarasani tumevaa skafu, tukawafundisha kusalimiana kwa mkono wa kushoto kama skauti wanavyofanya, na mpaka kengele inalia walikuwa bado wanasalimiana. Wazazi ndio hatujawapata. Fomu tulitoa 60, wiki ya tatu hii zimerudi 11. Nyingine nimeziona kwenye mikoba ya watoto, zimekunjamana chini kabisa pamoja na maganda ya njugu. Mama mmoja alinisimamisha getini akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, hawa watoto mnawafunza ujeshi?" Hapo ndipo nilipoona kwamba wazazi hatujawaeleza chochote, tumewapelekea karatasi ya kutia sahihi basi.

Sasa tunabishana. Mlezi mmoja anataka kikao rasmi siku ya kuchukua ripoti za muhula, maana wazazi wote watakuwepo. Mwingine anataka tuwaite uwanjani Jumamosi moja waone watoto wakicheza. Wa tatu anasema zama hizi ni WhatsApp, tufungue grupu leo leo. Mimi bado sijaamua. Nyinyi mliopitia haya, ipi iliwaletea wazazi?

MamaWatatu_Likoni

Waalaikum salaam mwalimu. Nasema kama mzazi, skauti sikuwahi kuwa.

Niliwahi kuitwa kikao kama hicho kwa ajili ya kifungua mimba wangu. Kiongozi alikuja amejiandaa, sare imenyooka. Akaanza na Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, akatupitisha vita vya Mafeking 1899, kambi ya kisiwa cha Brownsea 1907, skauti kuingia Kenya 1910, mzee mwenyewe kufariki Nyeri 1941. Saa nzima. Nilijifunza, sikatai, lakini nilikaa pale na maswali matatu yamenikaba koo: mwanangu atakuwa na nani, atarudi saa ngapi, na akitaka kwenda msalani nani atampeleka? Alikuwa na miaka 7, kufungua mkanda bado anababaika. Hakuna aliyeyagusa. Fomu nikaiweka juu ya kabati, ikaishia hapo.

Kikao si kibaya, lakini kianze na mtoto. Tuonyesheni nyuso zenu, tupeni simu zenu, tuambieni nani anashika geti na nani anabaki mpaka mtoto wa mwisho achukuliwe. Hayo mengine tutayasikiliza roho zikishatulia.

Mzaliwa_Nyeri

Mama Watatu, umenigusa, maana nami nimewahi kutoa hotuba ya aina hiyo. Nimelea Sungura miaka sita.

Historia ni chakula cha watoto. Kila Februari, karibu na tarehe 22, siku aliyozaliwa Baden-Powell, tunawapeleka kaburini kwake hapa mjini Nyeri. Kwenye jiwe pamechongwa duara lenye nukta katikati, alama ya njiani ambayo skauti huacha kumaanisha "nimekwenda nyumbani". Mtoto wa miaka 8 ukimweleza hivyo hunyamaza kabisa, kisha wiki nzima anaichora duara hiyo kwenye vumbi mlangoni kwao. Hapo ndipo mzazi atauliza ni nini, na mtoto ndiye atakayemsimulia.

Kura yangu ni uwanjani, ila mzazi asiletwe kukaa kwenye kiti kama mgeni wa heshima. Sisi tuliweka vituo vinne, na sharti lilikuwa moja: kila kituo mzazi anafanya pamoja na mtoto wake. Kituo cha makaa tulipika mkate wa kijiti. Unga wa ngano, chumvi na maji, unakanda, unausokota kwenye kijiti cha mpera kilichomenywa, unageuza juu ya makaa polepole. Mtoto anajifunza kusubiri bila kuambiwa asubiri.

Kituo cha kamba kulikuwa na baba mmoja fundi wa magari, amekuja na ovaroli yake ya kazini. Lilikuwa fundo lile la kufungia mkono uliovunjika: kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Yeye alipitisha kulia mara zote mbili. Binti yake akalivuta, likateleza, akamwambia, "Baba, hili litafunguka na mkono wa mgonjwa utaanguka." Akampa kamba tena. Yule baba alichuchumaa pale akalirudia mpaka likashika. Neno ujeshi halikumtoka mtu siku hiyo. Aliuliza Jumamosi ijayo tunaanza saa ngapi, na leo ndiye mweka hazina wetu.

Kasoro ni kwamba wanaokuja uwanjani ni wale walioanza kulegea tayari. Sisi tuliwaalika wazazi 50, wakaja 20 na ushei. Wale wenye wasiwasi mkubwa hawaji. Na siku ya mvua hamna kitu.

Baba_Changamwe

WhatsApp siikatai. Nakataa iwe ndiyo ya kwanza.

Kundi alilokuwemo mwanangu, sitalitaja, walifungua grupu kabla wazazi hawajaonana hata mara moja. Watu karibu 90, hakuna anayemjua mwenzake. Siku ya pili matangazo ya mikopo. Wiki ya pili siasa. Ikafika siku watoto wamepelekwa kwenye maandamano ya sikukuu mjini, saa ya kurudi ikabadilishwa, taarifa ikatumwa humo humo mchana, ikazama chini ya video za watu. Nilisimama steji kuanzia saa tisa. Mwanangu alishuka saa kumi na mbili na nusu, giza linaingia, amelala begani kwa mwenzake. Hakuna baya lililompata, alhamdulillahi, lakini zile saa tatu na nusu sijazisahau. Hakurudi tena, na si yeye aliyekataa.

Jingine ni picha. Walimpiga picha na jina lake kamili na la shule vikisomeka, nikaja kuletewa na mtu nisiyemjua. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mzazi aridhie kabla taarifa za mtoto hazijatumiwa. Kwa hiyo kwenye fomu wekeni mstari wa peke yake wa picha, ndiyo au hapana. Grupu ije baada ya kuonana, na iwe ya walezi kutangaza tu. Mabadiliko ya saa ya kurudi yapigiwe simu, mzazi mmoja mmoja.

Nyumbani_Leicester

Salamu kutoka Uingereza. Wanangu wawili wako skauti huku, mkubwa yuko Beavers, miaka 6 hadi 8, na mdogo yuko Squirrels, daraja la miaka 4 hadi 6 lililoanzishwa 2021.

Kikao sikuitwa. Niliambiwa nimlete mtoto ajaribu, nami nikae pale pale ukutani nitazame. Wiki ya kwanza niliwatazama tu, wiki ya pili nikaanza kuokota mipira, wiki ya nne nilikuwa kwenye zamu. Kilichonituliza ni kadi ndogo ya manjano ambayo kila mtu mzima anayefanya nao kazi hupewa, imeandikwa lipi la kufanya na lipi la kuepuka, mojawapo likiwa kwamba mtu mzima asijifungie peke yake na mtoto. Na wote huchunguzwa rekodi zao za uhalifu kwanza. Sikuombwa nimwamini mtu, nilipewa kadi nikaisoma mwenyewe.

Mwalimu, kadi hiyo mnaweza kuiandika wenyewe kwa Kiswahili, nusu ukurasa. Walezi wanne mchukue vyeti vya maadili mema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai, mviweke mezani, mzazi avishike. Nyuma ya kadi iwekwe namba 116, ile ya bure ya kusaidia watoto Kenya. Mzazi akiona nyinyi wenyewe mmempa namba ya kuwashtaki, atajua hamfichi.

Ustadh_Mtaani

Assalamu alaikum. Mwalimu wa Kisauni, nadhani najua fomu zako zimekwama wapi, na nakwambia kwa mapenzi.

Mlianza na mkono wa kushoto. Mtoto ametoka shuleni, amefika nyumbani Kisauni, amemnyooshea bibi yake mkono wa kushoto amsalimie. Huku kwetu mkono huo una kazi yake, na mtoto hufunzwa tangu anatambaa kwamba kula na kupeana ni kwa kulia. Nyumba ngapi usiku ule ziliuliza, "Nani kakufunza haya?" Jibu lilikuwa wewe.

Jambo lenyewe lina maelezo mazuri. Skauti husema ngao hushikwa mkono wa kushoto, kwa hiyo anayekupa mkono huo ameweka ngao chini, amekuamini. Lakini mzazi alisikie kwanza, tena kwa mtu mzima. Na watoto waambiwe ni salamu ya skauti kwa skauti, bibi anasalimiwa kama alivyosalimiwa siku zote.

La pili, Jumamosi asubuhi ni saa ya chuo. Watoto wengi wa mtaa huo wako madrasa mpaka adhuhuri. Mzazi akilazimika kuchagua, fomu haitarudi, na wala hatakwambia kwa nini.

Kwa hiyo naongeza njia ya nne. Kabla ya kikao, uwanja na simu, nendeni kwa walimu wa madrasa na kwa mchungaji wa kanisa lililo karibu. Wasomeeni ahadi ya skauti. Inataja wajibu kwa Mungu, na kila mtoto anautimiza kwa dini yake. Binti avae mtandio wake na skafu juu, hakuna linalogongana. Mimi nikiulizwa msikitini na mzazi, nikajibu "nimeisoma, haina neno", hiyo inatosha kuliko hotuba.

Skafu_Temeke

Shikamooni wakubwa. Naandika kutoka Dar. Ustadh amemaliza kila kitu, naongeza kidogo.

Huku mzazi akisikia skauti anaona watoto wanaovisha viongozi skafu kwenye sherehe, wamesimama juani tangu asubuhi. Ndiyo picha pekee aliyonayo. Kwa hiyo sisi tulilazimika kufuata watu majumbani, wawili wawili, mwanamke na mwanamume, jioni baada ya soko. Mama anayeuza samaki haji kikao cha saa nne asubuhi hata umwandikie barua tatu. Ukikaa naye barazani dakika kumi huku anaparua samaki wake, anakuuliza yote. Inachosha, nyumba nne kwa jioni basi, lakini karibu kila nyumba tuliyoingia ilitoa mtoto. Ukiniuliza kipi kinashinda, nasema miguu.

MamaWatatu_Likoni

Bado pesa. Hakuna aliyeitaja na ndiyo inayowanyamazisha wengi. Mzazi hatasema sina. Atasema mtoto hapendi.

Mlezi_Kisauni

Nimesoma yote, nyingine mara mbili. Ustadh, shukran sana. Nilikwenda leo kwa yule mama wa getini, nikamuuliza kuhusu mkono. Akacheka akafunika uso, akasema mama mkwe wake alikasirika siku mbili. Hata sikuwa nimewaza.

Tumekaa walezi wanne jioni hii. Wiki hii tunakwenda madrasa mbili na kanisa moja, na ahadi imeandikwa kwa Kiswahili. Mkutano wa watoto tumeusogeza Jumamosi saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja na nusu, tukisimama kidogo kwa sala ya alasiri. Zile nyumba 49 zisizorudisha fomu tumezigawa, tutaanza na za karibu na soko. Siku ya ripoti tutaomba dakika kumi tu, Mama Watatu, na swali la msalani ndilo la kwanza: wanapelekwa watatu watatu, mlezi mwanamke anasimama nje ya mlango. Vyeti vya maadili viwili tunavyo, viwili vimeombwa. Uwanjani ni Jumamosi inayofuata ripoti. Grupu mwisho, kwa waliokwisha kuonana nasi, na sisi tu ndio tutakaoandika.

Kuhusu pesa, tumekubaliana sare isitajwe muhula wa kwanza. Skafu tutashona wenyewe, mlezi mmoja ana cherehani na mjomba wake anauza vitambaa. Mtoto atavaa nguo zake za kuchezea. Ada ya usajili tutaiandika wazi kwenye kadi, na asiyeweza amwone mweka hazina peke yake, si mbele za watu.

Mzaliwa wa Nyeri, nisaidie moja. Mpera huku hatuna wa kutosha vijiti 60. Mwembe unafaa kwa ule mkate, au utomvu wake utawadhuru watoto midomo?

Mzaliwa_Nyeri

Mwembe uache, utomvu wake unawasha. Tumieni fito za mwanzi mbichi uliopasuliwa, mzioshe na kuzimenya ncha. Na unga kanda wewe mwenyewe saa moja kabla, watoto wakikanda wote sitini hamtapika kabla ya magharibi.