Ukoo mzima unakuja kihambani Disemba 27, nawakwepaje?

Kitindamimba: Wakuu kwema? Nina jambo linaninyima usingizi. Mimi wa Rombo, maisha yangu Dar. Mwaka huu ukoo umeamua kukutana Disemba 27 kwenye kihamba (shamba la ukoo la nyumbani) alichofungua babu yake babu, yule aliyefyeka pori akapanda migomba na masale ya mpakani, watu wanatoka mpaka Mwanza na Nairobi, tisheti zimeshachapwa. Nyumba ya pale ndo nimeachiwa mimi so matenti yanafungwa kwangu. Sasa sitaki wafanyie pale. Nawaambiaje wahamie kwa bro bila kuonekana nina roho mbaya?

Nauli_Mbele: Tiketi umekata lakini? Mi mwaka juzi nilisimama Chalinze mpaka Same nimeshikishwa kuku wa mtu, na treni ya Moshi ilisharudi tangu 2019 ila mwezi wa 12 kuipata nayo ni bahati. We una nyumba kabisa unalalamikia matenti.

Mama_Ulezi: Pombe ya mbege anapika nani? Siku hizi mnawekeana sukari mnaita mbege. Ulezi uoteshwe, usagwe, ndizi zichemshwe mapema zikae, na gome la msesewa lisisahaulike. Kwetu Kibosho mwaka fulani walileta ya kununua, wazee wakanusa wakaomba soda 😂

Bikoni: Mbona husemi kwa nini hutaki? Mtu hakatai ukoo bure.

Kitindamimba: Kuna mambo ya ardhi kidogo mkuu, sio makubwa.

Bikoni: Umeuza.

Kitindamimba: Sijauza kihamba jamani. Ni kipande cha chini kinachopakana na barabara, na ni advansi tu nimepokea, nikaongezea nikachukua Fuso, inaingiza hela, ile migomba ilikuwa inaingiza nini? Jamaa kashachimbia bikoni za mpaka. Kaburi la babu halimo, liko pembeni hatua chache. Halafu mi ndo kitindamimba, kwa mila nyumba ya wazazi na kihamba chake ni changu, bro mkubwa alishapewa chake, nimwombe nani ruhusa?

Mzee_wa_Masale: Mila umeichukua nusu, mwanangu. Kitindamimba anaachiwa kihamba awatunze wazazi na makaburi, hakuambiwa akigeuze matairi. Chukua jani la sale, lifunge fundo, mpelekee kaka yako kabla mbuzi hajachinjwa. Ukienda na sale hawezi kukukatalia msamaha.

Kitindamimba: Sale naijua mzee, ila nikipeleka si ndo nimekiri?

Sheria_Mtaani: Halmashauri ya kijiji imepitisha? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka kibali chao, bila hicho karatasi yenu ifungieni vitumbua. Na mkeo kasaini?

Kitindamimba: Mwenyekiti ana taarifa ya mdomo. Wife ntamwambia baada ya sikukuu.

Chai_ya_Rangi: Hii chai wazee. Mwezi wa nne huyu huyu alifungua uzi humu, Mhaya wa Muleba anatafuta mchumba. Leo ana mke, ana Fuso na ana kihamba Rombo.

Mama_Ulezi: Kumbe! Mhaya si ana rubisi yake, mbege ya nini? Hebu akatuambie kwao mbuzi akichinjwa kidari anapewa nani.

Kitindamimba: Ile akaunti alikuwa anatumia mshkaji wangu. Nisaidieni kwanza nilichouliza.

Nauli_Mbele: Mshkaji 😂😂 na kidari kakiruka.

Himo_Njiapanda: Subirini kidogo. Hicho kipande ni Useri, pale barabara ya Tarakea? Maana shemeji yangu katoa advansi huko mwezi uliopita, muuzaji naye kachukua Fuso, na zile bikoni nimesaidia kuzichimbia mimi. Yeye kaambiwa ukoo wote umesaini.

Kitindamimba: Mods naomba mfute huu uzi.

Mama_Ulezi: Usifutwe, bado hajasema mbege anapika nani.