MJADALA: Mfumo ukikutana na herufi usiyoijua, ukatae kuhifadhi au uweke alama ya kuuliza?

Mleta mada:
Wakuu habari zenu. Mfumo ukishindwa kuhifadhi herufi ya jina la mtu, watu wa databesi (hifadhi ya data) wanasema kosa ni la programu ya kwenye kompyuta, watu wa programu wanasema kosa ni la databesi, na jina la mtu linabaki limeharibika. Mimi nasema mfumo ukikosa pa kuiweka herufi ukatae kuhifadhi na useme sababu, sio kuweka ? kimyakimya halafu kwenye skrini unaandika "imehifadhiwa".

Tutofautishe kwanza maana watu wanachanganya. Ukiona kiboksi kitupu, mara nyingi herufi ipo salama, ni fonti tu haina umbo lake. Ukiona ngâ€™ombe badala ya ng’ombe, hapo pia mara nyingi data ni nzima, ile apostrofi iliyopinda kwenye UTF-8 (enkodingi, yaani kanuni ya kugeuza herufi kuwa namba, inayobeba lugha zote) ni baiti tatu, E2 80 99, sasa programu imezisoma kwa Windows-1252 (enkodingi ya zamani ya lugha za Ulaya Magharibi) ambako kila baiti ni herufi yake, ndo unapata madudu matatu, rekebisha enkodingi ya koneksheni inarudi. Ila ukiona ng?ombe usikimbilie fonti, ichungulie safu yenyewe ya databesi kwa HEX, yaani namba za baiti zilizohifadhiwa. Ukikuta E2 80 99 basi anayeharibu ni programu wakati wa kuonyesha. Ukikuta 3F hiyo ni alama ya kuuliza kweli kweli, herufi ishakufa.

Na inakufa kirahisi sana. Kwenye SQL Server (databesi ya Microsoft) ukisahau ile N mbele ya nukuu ya maandishi kwenye amri, hata kama safu ni nvarchar (aina inayopokea herufi za lugha zote), maandishi yanapitishwa kwanza kwenye kodi peji ya databesi (orodha ya herufi inazozijua), na kama Kiarabu hakimo humo jina la Kiarabu linatoka ???? na hakuna kosa lolote linalotolewa. Hapo ndipo ninapogombana na nyie mnaosema "mfumo usimkwamishe mtu".

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, hayo ni ya mezani. Mhudumu ana foleni mbele yake, mfumo unamwambia herufi haikubaliki, yeye enkodingi haijui, atafanya nini? Ataifuta ile herufi aandike anavyojua yeye. Uharibifu ule ule, tena kwa mkono. Bora ? iingie tuje kusafisha baadae.

Mleta mada:
Utasafisha kwa kutumia nini ndugu yangu? Alama za kuuliza zote zinafanana, ukizikuta nne huwezi kujua zilikuwa herufi gani. Na ? ina afadhali kwa sababu inaonekana, kuna mahali Windows inatafuta herufi ya kufanana, ł inageuka l, ş inageuka s, jina linasomeka vizuri kabisa na hakuna atakayeshtuka mpaka mwenye jina alinganishe na cheti chake. Mhudumu akiandika kwa mkono angalau kuna mtu anayejua kimebadilishwa nini.

Mchangiaji wa pili:
Naunga mkono kukataa. PostgreSQL (databesi nyingine) ikiwa UTF8 ukiiletea baiti mbovu inakataa palepale, watu wanailaani lakini data yao inabaki safi. MySQL ile "utf8" ya zamani ilikuwa inaishia baiti tatu, utf8mb4 ilikuja 2010, sasa kama strikti modi (ukaguzi mkali) imezimwa unaweka emoji, ambayo ni baiti nne, katikati ya maelezo, sentensi inakatwa kuanzia hapo, unapewa onyo tu ambalo programu nyingi hata hazilisomi. Na jamani, safu ya latin1 (enkodingi ya baiti moja kwa herufi) yenye baiti za UTF-8 ndani msiigeuze moja kwa moja, mtaigeuza enkodingi mara mbili, ipitisheni kwanza kwenye BLOB (safu ya baiti ghafi) ndo muipeleke utf8mb4, na bakapu iwepo.

Mchangiaji wa kwanza:
Sawa, ila mnanijibu kifundi. Anayekwama pale kaunta bado ni mwananchi mwenye jina lake, sio aliyetengeneza mfumo.

Mleta mada:
Hilo nakubali kabisa, na ndo maana hiyo kazi inatakiwa kuisha kabla mfumo haujafika kaunta. Jaribio la kupokea mfumo liwe na ng’ombe mwenye apostrofi iliyopinda, jina lenye ł, jina la Kiarabu na emoji moja, yaingie, yatoke, HEX ilinganishwe. Yakigoma asilipwe mtu. Wenye mifumo ya zamani isiyoweza kubadilishwa leo wala kesho, hebu semeni, nyie mnafanyaje?