Wakuu msaada: shoti ya matunda ya Beetlejuice kwa ajili ya pati ya Halloween

Mpangaji_Houston
Wakuu habarini. Nipo Houston huku, tarehe 31 naita watu kama 25 hivi kwangu, wengi Wabongo na Wakenya na Wamarekani wawili watatu wa kazini, na mada ya pati ni sinema ya Beetlejuice, ile ya zamani ya 1988 ya Tim Burton, Michael Keaton ndiye yule mzuka anayetokea ukimwita jina mara tatu, na suti yake ya mistari myeusi na myeupe, uso umeota ukungu. Sasa nataka kila anayeingia mlangoni akabidhiwe shoti moja, kile kiglasi kidogo cha kilevi cha kumeza kwa mkupuo, chini nyekundu katikati kijani juu nyeusi, na iwe tamu ya matunda maana mawifi zangu hawataki kitu kinachochoma koo.

Jana nikajaribu. Nikaweka Midori, ile pombe tamu ya tikiti ya kijani mpaka inakera macho, vodka kidogo, ndimu nikakamua nzima, halafu nikajisemea ngoja nitie krimu nipate na mstari mweupe. Weee! Hata sekunde tano hazikufika krimu ikakatika, mabonge yanaelea humo, glasi ikawa kama mtindi uliosahaulika kwenye gari. Mume wangu kachungulia akasema si ndo inatisha sasa, si ulitaka Halloween? Ila kunywa hakunywa. Nimekosea wapi, na rangi nazizuiaje zisichanganyike? Nawasilisha.

KobeMzee
Nimeingia mbio nikajua shoti ya umeme, mi fundi bana. Haya nishakaa, nasoma komenti.

Kaunta_Nyali
Dada yangu, mimi kaunta nimesimama miaka tisa, hilo la krimu na ndimu limetuaibisha wengi. Asidi ya ndimu inakata maziwa, hata nanasi hufanya hivyo, kwa hiyo krimu sahau kabisa.

Rangi kukaa mbalimbali siri ni uzito tu. Kenye sukari nyingi kinazama, kenye kilevi kikali na sukari hakina kinaelea. Basi chini tia grenadini, ile sharubati nyekundu ya komamanga, mililita 5. Juu yake mchanganyiko wa kijani 30, yaani Midori 15, juisi ya nanasi 10, na 5 ya Malibu ile ramu ya nazi. Mwisho vodka 7 uliyoitia tone la rangi nyeusi ya chakula. Hiyo inaingia glasi ya kawaida ya huko kwenu, zile za mililita 44, na unabaki na nafasi ya kubebea bila kujimwagia.

Kumimina sasa. Geuza kijiko kidogo, mgongo uangalie juu, ncha iguse ukuta wa glasi pale pale juu ya kile kilichomo, halafu mimina juu ya mgongo wa kijiko polepole kama unayemtilia mtoto dawa ya jicho. Ukiwa na haraka mkono ukatetemeka imekwisha, yote inakuwa rangi ya matope. Ile nyeusi itie wakati mgeni yupo mlangoni, usiitie saa nzima kabla, rangi itashuka tu.

Kijani ichanganye mapema kwenye chupa uiweke frijini. Chupa moja ya Midori ya 750 inakutolea shoti 50, kila mtu mbili. Nanasi la kopo ni bora kuliko la kusaga, la kusaga lina povu jingi linaharibu mstari.

ShangaziTanga
Mwanangu na macho je? Huku tungemenya mashokishoki, tukatoa kokwa tukachomeka zabibu kavu nyeusi katikati, ukiliangalia nalo linakuangalia. Huko Houston nenda maduka ya Waasia utafute lichi za kopo, hazina kokwa tayari, chomeka bluberi moja, tunga kwenye kijiti ulaze juu ya glasi. Na sisi tusiotumia kilevi usitusahau, tuchemshie rosela iwe nzito na sukari ikae chini, juu juisi ya nanasi na maji ya ndimu. Nasi tunataka kupokewa mlangoni jamani.

SinemaZaKale
Mmesahau ndizi! Kwenye ile sinema wageni wamekaa mezani kwa heshima zao mara wanapagawa, wanacheza bila kupenda wimbo wa Harry Belafonte wa wapakia ndizi wa Jamaika. Na Belafonte huyu huyu ndiye aliyeimba Malaika na Miriam Makeba kwenye albamu yao ya 1965, kwa hiyo ana undugu na sisi kabisa. Toa ile ramu ya nazi weka pombe tamu ya ndizi kiasi hicho hicho, tikiti na ndizi na nanasi vinaelewana vizuri tu. Muziki ukianza watu washike shoti.

Mpangaji_Houston
Asanteni sana jamani, shangazi rosela nimeipata duka la Wameksiko. Kaunta swali la mwisho, nikidumbukiza kipande cha barafu kavu, ile ya gesi ya kaboni iliyogandishwa, kwenye kila glasi itoe moshi?

Kaunta_Nyali
HAPANA. Ile ni nyuzi 78 chini ya sifuri, na shoti mtu anaimeza kwa mkupuo mmoja, kipande kikipita na kinywaji kinaunguza koo mpaka tumboni. Moshi ukiutaka weka kwenye bakuli kubwa pembeni lenye maji ya moto, glasi uzipange kulizunguka, na dirisha liwe wazi. Usiishike kwa mkono mtupu.

Mpangaji_Houston
Mrejesho wa jaribio. Ya kwanza mkono ulitetemeka, matope. Ya pili mstari ulikaa ila nilizidisha grenadini ikawa kama dawa ya kikohozi. Kuanzia ya tatu zimekubali, nyekundu, kijani, nyeusi, unaona kabisa mpaka, na ndizi imeshinda nazi kwa mbali. Mume wangu kanywa mbili anadai ya tatu, nimemkatalia, ya tatu yule jamaa anatokea na sina kiti cha ziada.